Papa wa Wifi Roselda

Watu wanaomwita mume wangu "muuaji wa papa" ni wa aina mbili: wanaotaka kumnunulia bia na wanaotaka kumtemea mate. Mimi nimelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita, na ninajua kwamba Firmin Dijoux hawezi kumchinja hata kuku. Kuku wa Krismasi namchinja mimi. Yeye huzunguka nyuma ya nyumba akajifanya anatafuta kuni, mpaka asikie manyoya yanatiwa maji ya moto.

Alizaliwa hapa hapa Saint-Leu, kwenye kisiwa chetu kinachotawaliwa na Ufaransa, mtoto wa mvuvi, naye akawa mvuvi. Alivua jodari na wale samaki wekundu wa vilindini ambao mahoteli huwagombania. Papa hakuwahi kumtafuta. Akimnasa kwa bahati mbaya alikata kamba, akamtukana, wakaachana. Na kuogelea nje ya miamba usimwambie kabisa. Sisi Wakrioli wa rika letu tulilelewa na katazo moja: mvua ikinyesha mlimani na korongo likashusha maji ya matope, baharini usitie hata mguu. Mama zetu hawakutupa sababu, nasi hatukuuliza, kwa kuwa kuuliza kulikuwa na kofi lake.

Mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao ulikuja na watu wa Ufaransa bara. Sisi tuliwacheka, kisha watoto wetu wakaambukizwa. Yannis, mwana wa Roselda, aliambukizwa akiwa na miaka tisa. Roselda ni dada mkubwa wa Firmin, wifi yangu, mpishi wa shule ya msingi, mwanamke anayenyamazisha watoto mia mbili kwa kugonga mwiko mara moja tu. Lakini Yannis hakumweza. Kila alipomwambia asiende, kijana alimbusu kwenye paji la uso, akachukua ubao wake wa manjano, akaenda.

Alikufa akiwa na miaka kumi na tisa, alasiri ya Februari, siku mbili baada ya mvua kubwa. Wenzake walisema maji yalikuwa yameanza kutakata. Mimi niliyaona kutoka kwenye kibanda changu cha sambusa pale bandarini, na yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wimbi la tatu hakulifikia. Firmin alikuwa anarudi na mashua, akawa miongoni mwa waliomtoa. Kilichotolewa sitakieleza, maana hata yeye hajanieleza. Nilifua nguo zake nikaelewa.

Yannis hakuwa wa kwanza miaka ile, wala hakuwa wa mwisho. Wakubwa wa serikali wakaifunga bahari: marufuku kuoga, marufuku ubao, isipokuwa ndani ya miamba. Ugomvi wote wa kisiwa ukahamia kwenye kibanda changu. Huku anakaa kijana wa klabu ya mawimbi anasema, "Waueni, hifadhi yenu ya bahari imewanenepesha mpaka wanatula sisi." Huku msichana wa chuo, mwenye daftari, anajibu, "Bahari ni nyumba yao, wewe ndiye mgeni." Mzee mmoja asiye na meno akadakia, "Nyumba yao? Yangu inavuja mwaka wa nne huu, mbona hujaniletea daftari?" Watu wakacheka, wakaagiza sambusa zaidi. Nilikuwa sina upande. Nilikuwa na karai la mafuta ya moto na hasira isiyojua imwangukie nani.

Siku ya nane baada ya mazishi Roselda aliingia uani kwetu bila kubisha. Firmin alikuwa anashona wavu.

"Firmin, wanatafuta wavuvi wa kuwatoa wale papa. Nenda kajiandikishe."

"Dada, mimi papa siwajui."

"Utawajua. Namtaka yule."

"Yule yupi?"

"Usiniulize kipumbavu. Yule."

Mume wangu alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Kesho yake akaenda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanatia ndoana kubwa zenye chambo nje ya mawimbi, kila moja na boya lake. Papa akivuta, boya linatuma ujumbe kwenye simu ya Firmin, naye anakimbilia mashua. Akiwa ni wa aina isiyo na madhara, anamfungua na kumwachia. Akiwa ni wa milia, au wale wanene wa pua butu wanaopenda maji ya matope, anamuua na kumleta bandarini apimwe na kupasuliwa na watu wa sayansi. Simu ile iliisumbua ndoa yetu kuliko mwanamke wa nje. Tukiwa kwenye ubatizo, inalia. Tukiwa mezani, wali umepakuliwa, inalia.

Roselda, kwa upande wake, alikwenda kwa Mtakatifu Expédit. Kijumba chake chekundu kiko kwenye kona ya barabara inayopanda mashambani kwenye miwa, na sanamu yake ndani, kijana askari aliyemkanyaga kunguru. Padri wetu hampendi sana, lakini ndiye anayekwenda haraka, kwa hiyo wenye shida za haraka huenda kwake. Akikupa ulichoomba, lazima utimize ahadi yako, la sivyo atakuchukulia mtu. Asipokupa, wapo wanaomkata kichwa. Masanamu yasiyo na vichwa hapa kwetu si machache. Roselda aliweka nadhiri: siku papa aliyemla mwanawe atakapokufa, atakijenga upya kile kijumba kwa mawe, atakipaka rangi nyekundu, na atawalisha kari ya mbuzi wote watakaopita barabarani siku hiyo.

Basi ikawa kila Firmin anapofika na papa bandarini, mtu wa kwanza kwenye gati ni dada yake, na aproni ya shule bado kiunoni.

"Ndiye?"

"Sijui, dada."

Miaka mitatu. Papa thelathini na saba. Kila mara swali ni moja, jibu ni moja, na kila mara anageuka na kurudi kazini kuwagawia watoto wa watu chakula. Upande mmoja wa mashua wakatuandikia kwa rangi MUUAJI. Firmin hakuifuta. Alisema tukiifuta watairudia, rangi ni ghali, waache waokoe yao. Lakini alianza kukonda, na usingizini alikuwa anakunja vidole kama mtu anayevuta kamba.

Halafu akaja yule jike. Ilikuwa Oktoba, saa nne asubuhi, simu ikalia tukiwa sokoni. Alikuwa wa pua butu, mrefu kupita mita tatu, mkubwa kuliko wote aliowahi kuwatoa. Alipomuua na kumlaza kandokando ya mashua, tumbo likacheza. Alikuwa na mimba iliyokomaa. Mwenzake kwenye mashua alikuwa amekwenda mbele kushughulikia nanga. Firmin akampasua pale pale, jambo ambalo halikuruhusiwa, akakuta wana saba wazima, wanapiga mikia. Sheria ilisema wafe. Akawachukua mmoja mmoja kwa mikono miwili, akawaachia baharini. Wana wa wale wale.

Haya aliniambia mimi tu, amekaa ukingoni mwa kitanda mchana kweupe, viatu havijavuliwa.

"Odile, siwezi tena."

"Basi acha."

"Nitaachaje? Yule mwanamke atanisimamia gatini mpaka nife. Ananiuliza ndiye, ndiye. Nitajuaje kama ndiye? Wana majina usoni?"

Hapo ndipo mimi, mwenye mdomo usio na pazia, nilipofungua mdomo. "Mwambie ndiye. Mkubwa vile, nani atabisha? Mwambie, naye apumzike, nawe upumzike."

Nilisema kirahisi hivyo, kama ninayemshauri abadilishe shati. Nilikuwa nimechoka kulala na mtu anayevuta kamba.

Siku hiyo jiko la shule lilimwachia Roselda saa nane, akaja gatini. Papa alikuwa amening'inizwa, watu wamejaa, simu zinapiga picha. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Ndiye?"

Firmin aliivua kofia yake. "Ndiye, dada."

Nilitarajia kilio au vigelegele. Wifi yangu alivua aproni, akaikunja mara mbili, mara nne, akaiweka chini, akakaa juu yake pale pale kwenye saruji yenye damu, akamtazama yule mnyama muda mrefu. Kisha akaniomba maji. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, taa ya chumbani kwake ilizimwa mapema. Nikajisifu moyoni. Nikajiona daktari.

Nadhiri aliitimiza kabla mwezi haujaisha. Alibeba mawe na wajomba zake, akapaka rangi, akanunua mbuzi watatu. Hakuna gari lililopita kona ile Jumapili hiyo bila kupewa sahani. Mpaka polisi walisimama, wakala, wakaongezewa. Roselda alikuwa anacheka. Firmin alikaa nyuma ya kijumba na sahani mapajani, hakula hata kipande kimoja.

"Kula," nikamwambia.

"Huyu mbuzi ni wa nini, Odile?"

Nikainuka nikaenda kuosha masufuria. Alipomaliza mkataba wa mwaka alirudisha simu na ndoana, akarudi kwa jodari wake.

Mambo yangeishia hapo kama isingekuwa ule mkutano. Mwezi Machi waliitisha kikao ukumbini kwa meya, wananchi waseme kama uuaji uendelee au ukome. Tulijaa mpaka dirishani. Vijana wa klabu upande mmoja, watetezi wa mazingira upande mwingine, sisi wengine katikati tukijipepea. Walizomeana saa nzima. "Mnataka wangapi wafe ndiyo mridhike?" "Nyinyi mnataka wangapi wauawe ndiyo mridhike?" Kisha Roselda akanyanyuka. Hakugonga mwiko, lakini ukumbi ulinyamaza.

"Mimi ni mama yake Yannis," alisema. "Papa aliyenilia mwanangu amekufa. Ndugu yangu yule pale ndiye aliyemtoa. Mimi sidai tena. Hao wengine hawajanikosea kitu, waacheni."

Upande wa mazingira walisimama kupiga makofi, yule msichana wa daftari analia. Upande wa klabu mtu akapaza sauti, "Amejuaje?" Mwingine akamwambia afunge mdomo, yule ni mama. Macho yote yakamgeukia Firmin. Alikuwa anatazama kofia yake mikononi. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukapigiwa makofi. Nilitamani sakafu inimeze.

Tulipotoka nje Roselda akamshika ndugu yake mkono. Uso wake ulikuwa umenawiri, nami nikazidi kuumia.

"Sijawaambia," alisema. "Nimeushusha ubao wa Yannis darini. Nimempa Annaëlle."

Annaëlle ni binti yake, wakati huo ana miaka kumi na mitano. Tangu kaka yake afe alikuwa hajaruhusiwa kukanyaga hata mchanga.

"Umempa wa nini?" Firmin aliuliza.

"Wa nini tena? Jumamosi anakwenda na wenzake wasiojali marufuku, pale pale kwa kaka yake. Alikuwa ananililia miaka yote hii, ningemnyimaje? Si amekufa yule?"

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani siku mbili mfululizo, na tulipopita darajani tuliona korongo limejaa, linashuka jekundu. Mtoto yule alikuwa amelelewa na katazo lile lile tulilolelewa nalo sisi. Lakini sasa alikuwa na ruhusa ya mama yake, na ruhusa ile tuliipika mimi na mume wangu chumbani kwetu.

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda wote wawili. Roselda alikuwa uani anachambua dengu kwenye ungo, mguu mmoja umenyooshwa. Ule ubao wa manjano ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeoshwa.

"Karibuni. Wifi, kahawa iko jikoni, jimiminie, leo sinyanyuki."

Firmin hakukaa. "Dada, si yeye."

"Nani si yeye?"

"Yule papa. Yaani sijui. Huenda ndiye, huenda siye. Nilikudanganya."

Vidole vya Roselda viliendelea na dengu. Alitoa jiwe, akalitupa. Akatoa jingine.

"Ni mimi niliyemwambia aseme," nikadakia, nikiwa nimekwishaanza kulia.

"Hilo nalijua," alisema bila kunitazama. "Firmin hana akili ya uongo wa kudumu miezi mitano."

"Kuna jingine," Firmin akasema.

"Odile atoke?"

"Analijua. Yule jike alikuwa na wana tumboni. Saba, wazima. Niliwaachia baharini."

Sasa mikono ya wifi yangu ilisimama. Nilidhani atamrushia ungo, na ningesema Mungu amlipe kwa kuurusha. Badala yake aliuliza kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake tangu niolewe kwao:

"Walikuwa wakubwa kiasi gani?"

Firmin akanyoosha mikono yake mbele, akaacha nafasi katikati. Ilikuwa nafasi ya mtoto wa miezi michache. Roselda aliitazama ile nafasi. Sote tuliitazama.

Kisha akainuka, dengu zikamwagika zote, akaingia kibandani akatoka na panga la miwa.

"Dada!"

"Mmenifanya nimtimizie mtakatifu nadhiri ya kazi ambayo hakuifanya!" alipiga kelele, na sasa alikuwa Roselda wangu mwenyewe. "Mawe! Rangi! Mbuzi watatu, Firmin! Nimemshukuru mbele ya watu, mpaka polisi wamekula!"

Akatoka barabarani anapanda kuelekea kwenye kona, sisi nyuma yake tunahema. Majirani walitoka, wakaona panga, wakarudi ndani. Nilijua anakwenda kumkata kichwa. Nilikuwa namhurumia Expédit, maana hili halikuwa kosa lake. Hakuwahi kusema ametenda.

Roselda alisimama mbele ya kijumba chake kipya, akasukuma mlango wa chuma. Sanamu ikamtazama na msalaba wake mkononi. Panga lilipanda mpaka usawa wa bega, likakaa huko. Nilihesabu pumzi zake. Likateremka polepole.

"Wewe," alimwambia, kidole usoni mwa sanamu. "Nimekupa vyote nilivyokuahidi, na hujanipa kitu. Kwa hiyo kazi bado unayo. Yule simtaki tena, achana naye. Nina binti. Umesikia? Nina binti mmoja, na anapenda maji kama kaka yake, na mimi siwezi kumfungia ndani mpaka azeeke. Huyo ndiye utakayemwangalia."

Halafu akageuka, panga likamgeukia Firmin.

"Na wewe utamsaidia. Askari huyu hajui kuogelea, anatembea juu ya kunguru."

Jumamosi ile Annaëlle hakwenda. Alilia, alivunja sahani mbili, akamwita mjomba wake mwongo, na mjomba akakubali. Alasiri bahari ya pale ilikuwa ya rangi ile ile, chai ya maziwa.

Firmin akiwa na miaka hamsini na mmoja akajifunza kupiga mbizi. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu nilipomwona kwenye lile vazi jeusi la mpira, tumbo limetangulia. Siku hizi klabu ina kibali cha mazoezi kwa sharti la walinzi: watu sita wa zamu hushuka kwanza chini ya maji, kila mmoja na kioo chake usoni, wakajipanga mstari, migongo kwa watoto, nyuso kwa bahari kuu. Kama hawaoni mita nane mbele yao, bendera haipandi na hakuna anayeingia. Vijana wa klabu wanamlaumu kwamba anaghairi mara nyingi mno. Watu wa mazingira nao wanamlaumu kwa wale thelathini na wanane. Yeye anawasikiliza wote, anapiga mswaki, analala. Mikono yake imetulia.

Uuaji haukukoma, ulipunguzwa, na ugomvi bado uko kibandani kwangu pamoja na sambusa. Wakiniuliza mimi niko upande gani, nawaambia nunua au sogea.

Bendera ikipanda, Annaëlle anaingia na ubao wa manjano. Mimi na wifi tunakaa kwenye mawe meusi na chupa ya kahawa katikati yetu. Yeye hamtazami binti yake. Anatazama pale ambapo kichwa cha ndugu yake hutokea kuvuta pumzi, na kila kinapotokea anasimama, anaweka viganja mdomoni.

"Yuko yule?"

Firmin anainua kioo, anatema maji, anamjibu kwa sauti itakayofika ufukoni.

"Simwoni, dada."

Wifi anakaa. Firmin anazama tena.